Nauli ya Salaam

"Kuanzia Liwatoni mpaka Mlango wa Papa," Ghassan alisema, amekunja mguu juu ya baraza kama mwenye kisiwa, "hakuna mwana wa mtu arudiye kwao usiku kwa nauli ndogo kama yangu. Hayupo! Na akiwepo, basi huyo amekuja kwa miguu."

Mwenye baraza, Ami Khubaib, alikuwa mzee aliyetengeneza saa za watu miaka arobaini, na sasa hakuwa na haraka na yeyote. Akaupuliza mvuke wa kahawa.

"Wapandaje, hebu tusikie."

Ghassan akaitoa simu kwenye mfuko wa shati. Yeye ni karani wa mizani kule Liwatoni, hupima samaki tangu mchana hadi usiku, na simu yake nayo hunuka kolekole. "Hapa nina apu tatu za kuita gari. Chapu, Upepo na Mwendo. Nikitaka kurudi nyumbani nazifungua zote, nazitazama kama msichana mwenye posa tatu. Huyu bei gani? Na huyu je? Zapigana vita, Ami, kunigombania mimi!"

"Na zikishapigana, majeruhi huwa nani?"

Wanywa kahawa wakacheka. Ghassan naye akacheka, maana kijana huyu hakuwa na hasira na mzaha ilmradi uwe unamhusu yeye. Ukweli, ambao aliuona umelala akaona si vizuri kuuamsha, ni kwamba alikuwa ameita gari kwa apu mara mbili tu maishani mwake. Mara ya kwanza alilipa shilingi hamsini, bei ya kumkaribisha mgeni. Mara ya pili ugeni ulikuwa umekwisha. Tangu hapo, yule aliyekuja kwa miguu alikuwa ni yeye.

Lakini katika Mji wa Kale mdomo husema chini na madirisha husikia juu. Dirisha moja lilikuwa la Bi Firoza, jirani wa ghorofa ya pili, mjane mshonaji ambaye hununua kila kitu kwa kikapu cha kamba: hukishusha na pesa, hukipandisha na vitunguu. Dirisha la pili lilikuwa la kwao Ghassan. Nyuma yake alisimama mamake, Bi Shariffa, akikunja nguo, na kwa wiki tatu Bi Shariffa alikuwa akitafuta sababu ya kukubali au kukataa jambo moja.

Jambo lenyewe ni Haifa, dadake Ghassan. Haifa alikuwa amepata kazi Mbaraki, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kuandika karatasi za makontena kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Kazi aliitaka, mshahara aliutaka, na zaidi ya yote hakutaka kurudi kwa shangazi yake kukunja sambusa za biashara. "Nimekunja mwaka mzima," alikuwa akisema. "Nikikunja mwaka mwingine nitaota pembe tatu." Mamake hakuwa na neno na kazi, neno lake lilikuwa njia. Saa nne usiku, mtoto wa kike, na dereva asiyejulikana hata kwao ni wapi?

Usiku ule, wakati wa chakula, Bi Shariffa akamsogezea Ghassan sahani ya wali kwa heshima isiyo ya kawaida.

"Nimesikia nyumba hii ina bingwa wa nauli."

Ghassan akaacha kutafuna.

"Basi, bingwa, utatoka Liwatoni, utampitia dadako Mbaraki, mtarudi pamoja. Kila siku nitakupa mia mbili, isizidi hata thumni. Na saa tano ikigonga, nyote muwe ndani ya mlango huu. Jumatatu mpaka Jumamosi. Mkiweza, Haifa ana kazi. Msipoweza, sambusa zamngoja."

"Mia mbili, Mama?" Ghassan akasema, kwa kuwa ulimi hauna mfupa. "Nitakurudishia na chenji."

Haifa akamfuata hadi ngazini. "Kaka, kazi hii naitaka. Ukiniharibia kwa mdomo wako, wallahi nitakukunja wewe uwe sambusa."

*

Jumatatu, saa nne na dakika tano, walisimama mbele ya lango la ofisi Mbaraki. Ghassan akazifungua posa zake. Mwendo ilitaka mia mbili na arobaini. Upepo, mia na themanini. Chapu, mia na thelathini!

"Mbona hii rahisi hivi?" Haifa akauliza.

"Ushindani, dadangu. Ndiyo biashara."

Ikaja tuktuk safi yenye ua la plastiki kwenye kioo. Dereva alikuwa kijana mwenye tabasamu pana, jina lake Jefwa. Alivuta hewa mara moja, akamtazama Ghassan.

"Bosi, umebeba samaki?"

"Sijabeba. Nimetoka kwao tu."

Wakapita Ganjoni kwa raha, upepo puani, wakaingia Mji wa Kale dakika kumi na tano baadaye. Ghassan alikuwa tayari anaipanga sentensi atakayomwambia mamake. Ndipo tuktuk ilipofika kwenye baraza la Ami Khubaib.

Sasa, pale kwao salamu haitupwi kutoka kwenye chombo kinachokwenda, kama mtu atupaye ganda la ndizi. Ukipita na chombo mbele ya wazee, unasimama, unatoa kichwa, unaulizwa, unajibu. Usipofanya hivyo, kesho mamako ataulizwa sokoni Marikiti: kwani mwanao ana nini nasi?

"Simama kidogo," Ghassan akamwambia Jefwa. "Salaam aleikum, Ami."

"Aleikum salaam warahmatullahi. Nani? Ghassan! Na huyo ni Haifa? Mashallah! Leo ndiyo siku ya kwanza? Wa hali gani, mwanangu?"

"Alhamdulillahi, Ami," akasema Haifa.

"Kazi njema?"

"Njema."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo, Ami. Lakini hatujafika bado."

"Na goti lake?"

"Goti nalo salama."

"Na shangazi yenu aliyekwenda Lamu, karudi? Na yule mumewe, kikohozi chake?"

Walipomaliza ukoo wa Lamu, walisogea hatua thelathini, wakakuta baraza la pili, nalo lilikuwa na wazee wake na magoti yake. Baada ya hapo, mbele ya kioo cha tuktuk, kikashuka kikapu taratibu kutoka mbinguni.

"Haifaaa!" Bi Firoza akaita kutoka dirishani. "Kaimati hizo, mwanangu, za kazi mpya! Chukua bakuli, unirudishie kikapu. Ngoja, kamba imekwama. Ngoja! Mikono yangu haina nguvu siku hizi."

Kichochoro kile tuktuk hupita kwa kuvuta pumzi. Pakiwa na kikapu, haipiti. Jefwa akazima injini, akaegemea, akaanza kupiga mluzi kama mtu aliye likizo.

Mlangoni, akaonyesha simu. "Mia mbili na tisini, bosi."

"Mia ngapi? Simu yangu imesema mia na thelathini!"

"Simu haikusalimiana na mtu," Jefwa akasema kwa upole. "Umesubirisha dakika ishirini. Chapu hutoza shilingi nane kila dakika ya kusubiri. Si mimi, bosi, ni wao. Wameandika hapo chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa."

Haifa alikuwa ameshapanda ngazi na kaimati zake. Ghassan akalipa kwa simu, akakohoa, akapanda.

"Nauli?" Bi Shariffa akauliza, macho kwenye saa. Ilikuwa saa tano kasoro kumi na tano.

"Mia na thelathini, Mama." Akatoa sabini mfukoni mwake mwenyewe na kuiweka mezani. "Chenji yako."

*

Jumanne alijitia akili. Chapu ina dakika, Upepo haina. Mia na themanini, imekwisha, hata ukisalimiana mpaka alfajiri. Ilikuja gari ndogo nyeupe, dereva amenyooka kama amevaa ubao. Alipofika Makadara, nje ya Mji wa Kale, akasimama.

"Mwisho hapa."

"Nyumbani ni kule ndani, bwana!"

"Gari hii nimeikopea benki. Siwezi kuikwaruza kwa kuta za babu zenu."

Wakashuka. Na mtu aendaye kwa miguu hana hata kisingizio cha injini. Barazani kwa Ami Khubaib waliulizwa kwa nini leo wanatembea, na je, tuktuk ya jana imeharibika, na dereva wake hajambo? Bi Firoza akakishusha kikapu achukue bakuli lake, ambalo lilikuwa nyumbani. Haifa, mwenye viatu vipya vya ofisini, alikuwa akichechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Waliingia mlangoni saa tano kasoro dakika nne.

"Dakika nne," Bi Shariffa akasema. "Nauli?"

Ghassan angeweza kusema kweli. Mia na themanini ilikuwa ndani ya sharti. Lakini bingwa aliyepanda kwa mia na thelathini jana, leo atapandaje bei?

"Ile ile, Mama." Na sabini nyingine ikaenda mezani.

Usiku ule akalala chali akihesabu: mfukoni, kichwani, kwenye vidole vya miguu, kote jibu lilikuwa moja. Chombo kinachoingia mpaka mlangoni ni tuktuk ya Chapu. Kinachoua ni salamu. Basi tatizo si nauli, tatizo ni kuonekana. Akacheka peke yake gizani.

*

Jumatano akaijaribu Mwendo kwanza, akaambiwa hakuna gari karibu. Chapu ikamleta Jefwa tena.

"Bwana Salaam!" Jefwa akashangilia. "Leo twasalimia wangapi?"

"Leo hatusalimii. Teremsha pazia."

Tuktuk huwa na pazia za turubai pembeni, za kuzuia mvua. Jefwa akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, nyota tele, na joto lilikuwa la kuchemshia yai.

"Kwani kuna mvua?"

"Teremsha tu."

Kabla ya kuingia mjini Ghassan akamwambia Haifa ainame, na yeye mwenyewe akajilaza sakafuni, kwa kuwa kichwa chake kilifika kwenye kioo cha nyuma.

"Kaka, hii ni aibu," Haifa akanong'ona.

"Ni dakika mbili. Wataka kazi au hutaki?"

"Wanuka nguru."

"Nyamaza, tunapita."

Mpango ungekuwa mzuri kama Ghassan angekuwa mfupi. Sakafu ya tuktuk ni ya mtu wa futi nne. Yeye ana sita kasoro kidogo. Kilichobaki kilitokeza nje chini ya pazia: miguu miwili kuanzia vifundoni, kiatu kimoja kimechomoka, nyayo zikitikisika kila tuktuk iliporuka jiwe.

Ami Khubaib aliinua macho kutoka kwenye kahawa yake akaona tuktuk imefungwa gubigubi usiku wa kiangazi, inakwenda polepole kwa huzuni, na miguu ya mtu imelala.

"La ilaha illallah," akasema, akasimama.

Wazee wakasimama. Baraza la pili nalo likasimama. Na kutoka juu, Bi Firoza akatoa ukelele: "Ni Ghassan! Kidole kile kilichopinda nakijua tangu akiwa mtoto! Jamani, Ghassan kapatwa na nini?"

Kufumba na kufumbua kichochoro kilijaa. Mmoja akakimbia kumwita Bi Shariffa, mwingine akaanza kuuliza kama daktari ameshaonekana, wa tatu akawa tayari anamwombea. Jefwa hakuweza kwenda mbele wala nyuma. Alizima injini. Ndani, Ghassan alisikia simu ya Jefwa ikilia kila dakika ilipoingia, na kila mlio ulikuwa shilingi nane.

Pazia likafunuliwa. Bi Shariffa alisimama hapo, leso kichwani, uso mweupe.

"Mwanangu!"

Ghassan akainuka taratibu. "Salaam aleikum," akasema.

Ami Khubaib akauliza: "Mzima?"

"Mzima, Ami. Tulikuwa tumelala."

"Nyote wawili? Mmoja ameinama na mwingine sakafuni?"

"Tumechoka sana, Ami."

Ilibidi sasa aulizwe hali yake kwa urefu unaolingana na hofu aliyowatia, nayo haikuwa hofu ndogo. Walipopenya mpaka mlangoni, Jefwa alionyesha simu: mia tatu na thelathini. Hata yeye alikuwa ameacha kutabasamu.

Ndani, Bi Shariffa alikaa kitini na kushika goti.

"Nimetoka nje nikijua nimefiwa," akasema. "Sikilizeni. Kesho kikitokea kituko kingine, kikubwa au kidogo, Haifa atakwenda kwa shangazi yake. Sitarudia." Akafuta uso kwa leso. "Nauli?"

Haifa alimtazama kakake kwa macho yaliyojaa machozi ya hasira. Ghassan alikuwa na kiatu kimoja na, kwenye simu, pesa za kununulia soda.

"Mia na thelathini, Mama," akasema, akatafuta sabini, akaipata kwa sarafu.

*

Alhamisi aliamka karibu adhuhuri. Alikuwa ameamua kusema kweli, na alikuwa akiipanga ile kweli iwe na sura nzuri, aliposhuka akamkuta mamake anapepeta mchele.

"Kuanzia leo Jefwa atawachukua," Bi Shariffa akasema bila kuinua kichwa. "Mia na hamsini kila usiku, mpaka mlangoni. Apu zako zipumzishe."

"Jefwa? Umemjuaje Jefwa?"

"Alikuja asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Kusalimia."

Ghassan akangoja liendelee. Halikuendelea. Mchele ulipanda na kushuka kwenye ungo. Akaona busara ni kutouliza swali ambalo huenda likajibiwa, akaenda kazini kwa kandambili.

Usiku Jefwa alikuwa langoni Mbaraki, anangoja, amekaa kama mtu wa nyumbani.

"Ulimwambia nini Mama?" Ghassan akamwuliza.

"Nilimsalimia, bosi. Dakika arobaini." Jefwa akawasha tuktuk. "Na sikutoza."

Barazani Jefwa alizima injini mwenyewe, akatoa kichwa kabla ya Ghassan. "Masalkheri, Ami! Goti la Bi Shariffa halijambo, nimeliona leo!" Wazee wakampenda papo hapo. Mlangoni Bi Shariffa alimpa bakuli la wali lililofunikwa, kisha Jefwa akaondoka zake kuvuka daraja la Nyali kwenda kwao Kisauni, njia ambayo kumbe alikuwa akiipita kila usiku kwenye saa hiyo hiyo, tuktuk tupu. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Ijumaa ikawa hivyo. Jumamosi ikawa hivyo. Bi Shariffa akamtazama Haifa akivua viatu, akasema, "Jumatatu usisahau mwavuli, mvua zaja," na Haifa akaelewa kwamba ana kazi. Akamrukia mamake shingoni mpaka goti likalalamika.

Ghassan, moyo mweupe, alishuka barazani kunywa kahawa. Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kitu, akaanza.

"Siri ya nauli, Ami, ni mazungumzo. Apu ni za watoto. Mimi nilizilinganisha siku tatu, kwa utafiti tu. Nikaona, la. Nikamwita yule Jefwa kando, Alhamisi asubuhi. Nikamwambia, wewe usiku warudi Kisauni mtupu, au sivyo? Akasema ndivyo. Nikamwambia, basi mafuta ni yale yale. Akaanza na mia mbili na hamsini! Nikacheka. Nikamwekea mia na ishirini, nikageuka kama nakwenda zangu..."

"Alhamisi asubuhi?" Ami Khubaib akauliza.

"Mapema, Ami. Hata jua halijatoka vizuri. Nikamshika hapo, pale chini ya..."

Kikapu kikashuka. Kilishuka taratibu, kwa kamba, mpaka kikasimama mbele ya pua yake. Ndani yake hamkuwa na vitunguu wala kaimati. Mlikuwa na kiatu kimoja cha kulia, cha ngozi, chenye harufu ya kolekole.

"Pale chini ya dirisha langu," Bi Firoza akasema kutoka juu. "Malizia, mwanangu. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa wakoroma, nilikusikia mpaka huku."

Baraza likageuza shingo zote juu.

"Jefwa alikuja kurudisha kiatu. Mamako akamwuliza nauli ni ngapi, naye mtoto wa watu hajui kusema uongo: mia mbili na tisini, akasema, kisha mia tatu na thelathini. Bi Shariffa akacheka mpaka akakaa kizingitini. 'Na kila usiku ananiletea chenji!' asema. 'Mwongo huyu. Lakini mwongo kwa ajili ya dadake.' Ndipo akainuka, akaanza kumpunguza yule kijana bei, na wallahi nimeuza nguo miaka thelathini sijaona mtu akipunguzwa hivyo na kuondoka akishukuru."

Kutoka kwenye giza la mlango wa kwao, Ghassan alisikia kicheko cha Haifa, na nyuma yake kingine, kizito zaidi, alichokijua tangu kuzaliwa.

"Kiatu mamako alinipa mimi nikuwekee," Bi Firoza akaendelea, "mpaka siku utakapoanza kujisifu. Nilidhani nitakaa nacho mwezi mzima. Kumbe ni siku mbili tu! Haya chukua, unirudishie kikapu."

Ghassan akakitoa kiatu, akakiweka magotini. Ami Khubaib alimjazia kikombe cha kahawa, akamsogezea, akakaa vizuri kama mtu anayengoja sehemu tamu ya hadithi.

"Ehe, bingwa," akasema. "Uligeuka kama waenda zako. Ikawaje?"